Malambo Madogo Tusiyadharau

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo naona halijatiliwa maanani huku vijijini. Jambo lenyewe ni gesi inayotoka katika malambo na mabwawa yetu madogo.

Yanapozungumzwa mabadiliko ya tabianchi, wengi wetu hutaja viwanda, magari na ukataji wa miti. Hiyo ni haki, maana lawama kubwa iko huko. Lakini maji madogo yaliyotuama nayo yana sehemu yake, na sehemu hiyo si ndogo kama maji yenyewe.

Kila aliyeingia lamboni wakati wa kiangazi ameona mapovu yakipanda anapokanyaga tope. Mapovu hayo yana gesi iitwayo methani. Mwaka 1776 mwanasayansi wa Italia, Alessandro Volta, alikoroga tope la Lago Maggiore kwa fimbo, akakinga mapovu katika chupa, kisha akaonyesha kwamba gesi ile inawaka moto.

Gesi hiyo hutokeaje? Majani makavu, samadi na mbolea inayosombwa na mvua kutoka mashambani huishia lamboni. Taka huzama na kuoza ndani ya tope lisilo na oksijeni, na vijidudu vinavyoziozesha hutoa methani. Katika ziwa lenye kina kirefu, sehemu kubwa ya gesi hiyo huliwa na vijidudu vingine kabla haijafika juu. Katika lambo lenye kina cha mita moja au mbili, povu halina safari ndefu. Likitoka topeni mara limefika hewani. Na kilo moja ya methani huongeza joto la dunia kiasi cha mara 28 kuliko kilo moja ya hewa ukaa, kwa hesabu ya miaka 100.

Mwaka 2016 Meredith Holgerson na Peter Raymond wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walitoa matokeo ya vipimo vya maziwa na vidimbwi 427. Waligundua kwamba vidimbwi vyenye eneo la chini ya mita za mraba 1,000 vinachukua asilimia 8.6 tu ya eneo lote la maziwa na vidimbwi duniani. Hata hivyo, vinatoa kama asilimia 40 ya methani inayopanda polepole kutoka majini, mbali na ile ya mapovu. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende.

Najua wapo watakaosema: "Sisi maskini tumechafua nini? Waulizwe wenye viwanda." Nakubaliana nao kwamba wenye viwanda wana deni kubwa. Wapo pia watakaosema kwamba ng'ombe mwenyewe hutoa methani anapocheua, hata kama hakuna lambo. Nayo ni kweli. Hata mimi sisemi malambo yafukiwe. Huku kwetu Maswa mvua zikikatika, lambo ndilo uhai wa ng'ombe na watu. Ninachosema ni kwamba namna tunavyolitumia inatudhuru sisi wenyewe kwanza, kabla hata ya kuidhuru dunia.

Hali ilivyo katika vijiji vingi inajulikana. Ng'ombe huingia majini mpaka tumboni. Wanakunywa humo, wanakojoa humo na kunya humo. Hatua chache kutoka hapo wanafunzi wetu wanachota maji ya kupeleka nyumbani. Baadaye mtoto haonekani darasani, ukiuliza unaambiwa anaharisha. Samadi ileile inayomwondoa mtoto darasani ndiyo inayolisha tope litoalo methani.

Dawa yake ipo na imejaribiwa. Huko Australia watafiti walilinganisha malambo yaliyozungushiwa uzio na yale ambayo mifugo huingia ovyo. Katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2022, malambo yenye uzio yalitoa methani pungufu kwa asilimia 56. Maji yake yalikuwa na naitrojeni pungufu kwa asilimia 32, fosforasi pungufu kwa asilimia 39, na oksijeni zaidi kwa asilimia 22. Kazi moja ya kuweka uzio imesafisha maji na kupunguza gesi.

Kwa hiyo napendekeza yafuatayo:

Kwanza, kila kijiji chenye lambo kilizungushie uzio. Si lazima tungoje seng'enge. Mkonge unafaa, na hata boma la miiba linafaa kwa kuanzia. Minyaa isipandwe kando ya maji, maana utomvu wake ni sumu.

Pili, mifugo ijengewe birika la kunyweshea nje ya uzio, maji yafike kwa bomba au kwa pampu ya mkono. Mradi wowote wa lambo jipya usihesabiwe umekamilika kama hauna birika na uzio.

Tatu, nyasi ziachwe ziote kuzunguka lambo, na kilimo kisifike ukingoni, ili udongo na mbolea visisombwe na kuingia majini.

Nne, wataalamu wa vyuo vyetu waje wapime malambo haya. Mwaka 2019 Jopo la Umoja wa Mataifa la Mabadiliko ya Tabianchi lilitoa mwongozo wa kuhesabu methani ya mabwawa yaliyochimbwa na watu. Tusipojipimia wenyewe, tutahesabiwa kwa viwango vilivyopatikana katika malambo ya watu wengine.

Sheria ndogo za vijiji za kulinda vyanzo vya maji zipo, lakini nyingi zimelala katika majalada ya ofisi. Serikali za vijiji zizitoe humo zizisimamie, na sisi walimu tuwaeleze watoto sababu yake, ili atakayechunga ng'ombe kesho ajue kwa nini uzio ule hauvunjwi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Maswa.