Agosti mosi, zamu ya nani?

Tarehe 1 Agosti imebanana kama basi la Bukavu siku ya soko. Kwetu Kongo ni Siku ya Wazazi, na tumeigawa kwa busara: asubuhi ni ya wafu, mchana ni ya walio hai. Mtu wa Mumosho, karibu na Bukavu, anaweza kuanza na jembe makaburini, apalilie majani, aombe, kisha anawe mikono na kwenda kumketisha mama mbele ya kuku na baba mbele ya kasiksi, pombe ya ndizi. Siku hiyohiyo dunia inafungua Wiki ya Kunyonyesha, na hapo sina ubishi, maana mzazi huanzia hapo. Waingereza wa Yorkshire wanalisifu jimbo lao. Wamarekani nao wana siku ya rafiki wa kike. Sijui nani aliwaomba. Ng'ambo ya mto Ruzizi, Wanyarwanda husherehekea mavuno, Umuganura, kila Ijumaa ya kwanza ya Agosti. Mwaka 2025 Ijumaa hiyo iliangukia tarehe 1, na haitaangukia tena hapo hadi 2031. Tarehe haiulizi ruhusa: ilikuwa 1 Agosti 2018 serikali ilipotangaza mlipuko wa Ebola Kivu Kaskazini, na mwaka uliofuata ugonjwa ukafika Mwenga, kwetu Kivu Kusini. Katika msongamano huo wote, nampa mzazi kiti cha mbele. Na wewe unayeitwa kazini siku hiyo, mkumbushe bosi wako kwa upole: ni sikukuu ya kisheria, tena yenye malipo.