Mstari wa kijani haujui kusoma

Leo nina hasira kidogo, ndugu msomaji, nivumilie.

Wiki iliyopita nilikuwa ndani ya seva ya chuo kimoja huku kwetu (jina naliweka kando, mkataba wangu ungali hai). Wanatumia Moodle, kama vyuo vingi nchini. Wakubwa wameamua kwamba aliye chini ya asilimia 70 kwenye ule mstari wa maendeleo hapati kadi ya mtihani. Binti mmoja wa upande wa Kiritiri ana 31. CAT zake mbili amewashinda wengi wenye 100.

Nikafungua jedwali la mdl_course_modules_completion. Kila PDF imewekewa sharti la kutazamwa tu. Yaani ukibofya, umemaliza! Moodle haijui kama ulisoma au ulienda kukamua ng'ombe. Kuna jamaa mwenye waifai ya hosteli aliyebofya faili 40 kwa dakika sita, saa zimo kwenye logi. Huyu binti hakubofya. Mwenzake alishusha faili mara moja akamrushia zote kwa Bluetooth, maana bando ni pesa. Akasoma. Mfumo ukamwandika mvivu.

Msiilaumu Moodle. Martin Dougiamas alipotoa toleo la 1.0 mwaka 2002, ufuatiliaji huu haukuwepo. Ulikuja na 2.0 mwaka 2010, na unaruhusu sharti la kupata alama, si kubofya tu. Hata programu yake ya simu inashusha kozi nzima na kukuwezesha kujibu maswali bila intaneti, mradi mhadhiri aruhusu na asiweke kikomo cha muda. Nilikagua kozi zote za muhula. Hakuna hata moja iliyoruhusiwa. Waliweka sharti rahisi kuliko yote, halafu mvivu ni mwanafunzi?

Nikaambiwa takwimu hazidanganyi. Sawa, lakini hizi ni takwimu za bando. Zinakuonyesha nani anaishi karibu na mnara, huku Embu na kule Meru vilevile.

Tena kuna sheria. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Kulinda Data ya 2019 kinampa mtu haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake katika jambo linalomgusa kwa uzito. Hata pale mashine inaporuhusiwa, lazima aambiwe, na anaweza kuomba uamuzi uangaliwe upya. Huyu binti aligundua kwa kukosa kadi.

Nimeandika skripti ndogo. Kila Ijumaa inamtolea mhadhiri majina ya walio chini, namba ya simu pembeni, ili apige aulize kuna nini. Haimfungii mtu mlango. Niliipeleka kwa wakubwa Jumanne, wakasema wataijadili kwenye kikao.

Mitihani inaanza Jumatatu.