Vibao Viwili, Jina Moja



Mwezi uliopita mpwa wangu anayeishi Kiuu, upande wa Ruiru, alinipigia simu huku sauti ikimtetema. Yeye ni mjane, na mwanawe wa pekee yuko kidato cha tatu. "Mjomba," aliniambia, "njoo uzungumze na mjukuu wako. Chumba kimejaa nyaya, akiba ya nauli yaishia madukani Luthuli, nami simwelewi tena." Nikapanda basi la usiku kutoka Mombasa. Kabla hatujafika Mtito Andei nilikuwa nimekwisha kuyapanga maneno ya kumwonya.

Anayeijua Kiuu anajua maghorofa yake yalivyobanana. Maji ya bomba huko huja kwa zamu, na aghalabu huja usiku wa manane. Tangi la jengo lao liko juu ya paa, nao wanakaa ghorofa ya pili. Likijaa, anayewahi ndiye ajazaye madumu yake. Anayelala hukuta bomba linakoroma hewa. Basi mpwa wangu amezoea kulala nusu usingizi, sikio likiwa bombani, na alfajiri humkuta akijiandaa kwenda kazini na macho mekundu.

Nilipofika, kijana alinipa shikamoo, akanitengea kiti, kisha akarudi mezani pake. Nilikwisha kufungua kinywa kusema, nikaona mezani pana maboya matatu madogo, kama lile la tangi la choo. Nikajizuia, nikauliza: "Haya ni ya nini, mjukuu wangu?"

"Ni ya mama, babu," akajibu. "Apate kulala."

Akanieleza. Kibao kimoja cha elektroniki kitakaa juu ya paa kando ya tangi, ndani ya kisanduku kisichopitisha mvua, na mwenye nyumba ameridhia. Maboya matatu yatakijulisha kama tangi ni tupu, limefika nusu au limejaa. Kibao cha pili kitakaa kando ya kitanda cha mama, nacho kina kengele. Tangi likijaa, cha juu kitamwambia cha chini, na kengele italia.

Vibao hivyo huitwa Arduino. Vilianza mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, navyo vilikusudiwa wanafunzi wasio wahandisi. Aina aliyonayo, Uno, inajua kuhesabu, kuwasha taa na kupokea habari za boya, lakini mtandao haina njia ya kuufikia. Nikamwuliza kwa nini asitumie Wi-Fi kama watu wote. Akasema baina ya paa na kitanda cha mama pana sakafu kadhaa za zege, na mawimbi ya majirani yamejazana hewani kama sauti za sokoni. Waya wa Etheneti waweza kufika meta 100 bila kujali zege wala jirani.

Basi kila kibao alikiongezea chipu iitwayo ENC28J60, yenye miguu 28, ambayo kazi yake ni kuzungumza kwa lugha ya Etheneti. Chipu huungwa na kibao kwa nyaya nne za mazungumzo, pamoja na nyaya za umeme. Kumbukumbu ya kufanyia kazi ya Uno ni baiti 2,048 tu, na furushi moja la Etheneti huweza kufikia baiti 1,518. Ni kama kumimina ndoo nzima katika kikombe. Chipu ina ghala yake ya kilobaiti 8; hulipokea furushi, ikaliweka, na kibao kikachota kidogo kidogo kadiri ya uwezo wake.

Wiki za mwanzo chipu zilikuwa zikizimia ovyo. Sababu ilikuwa njaa. Chipu moja hufikia kutumia miliampea 180 za umeme wa volti 3.3, hali tundu la volti hizo kwenye Uno limepangiwa miliampea 50. Alipoitafutia kila chipu kipunguza umeme chake yenyewe, kuzimia kukakoma. Nilijisemea moyoni kwamba wako watoto tunaowaita wavivu, kumbe hawajashiba.

Nilimwuliza pia maana ya jina hilo, Etheneti. Akaniambia lilitungwa mwaka 1973 na Bob Metcalfe, huko California katika kituo cha utafiti cha Xerox, kutokana na neno etha. Nikatabasamu, kwani hiyo ndiyo athiri tuliyoijua vitabuni mwa Kiarabu, kitu chepesi kilichodhaniwa kuijaza anga yote. Metcalfe alijifunza kutokana na mtandao wa redio wa Chuo Kikuu cha Hawaii, ambako vituo vya visiwa mbalimbali vilitumia wimbi moja kupeleka habari, mfano wa Lamu, Manda na Pate kutumia redio moja.

Kwa kuwa njia ni moja na wasemaji ni wengi, Etheneti iliwekewa adabu. Anayetaka kusema husikiliza kwanza. Akimsikia mwenziwe anasema, hungoja. Wawili wakianza kwa pamoja na maneno yao yakagongana, wote wawili hunyamaza, kila mmoja akangoja kitambo kilichochaguliwa kwa bahati, kisha hujaribu tena. Wakigongana tena, muda wa kungoja huongezwa. Vyombo vya leo aghalabu hupewa njia mbili, ya kwenda na ya kurudi, visigongane. Lakini ile chipu ya kijana ni ya zamani. Haijui kupatana na mwenziwe juu ya njia mbili, kwa hiyo ingali inaishika adabu ile ya kale.

Maneno hayo yalinichoma, nami nitawaambieni kwa nini. Miaka mingi nyuma nilirudi nyumbani kutoka madrasa nikaikuta redio imefumuliwa sakafuni, na mwanangu mkubwa amejiinamia juu yake. Sikuuliza. Nilivizoa vile vipande vyote nikavitupa jaani, naye akitazama. Baadaye ndipo nilipojua kuwa ilikuwa redio ya bibi yake, imeharibika, naye alikuwa akiitengeneza. Leo mwanangu ni mtu mzima, ana kazi ya halali na adabu njema, lakini tangu siku ile hajapata kunionyesha kitu anachokitengeneza.

Baada ya sala ya Isha nilimwita mpwa wangu akae nasi. Alileta chai na mahamri, akaketi mbali kidogo na meza, uso umefungwa. Nikamwambia kijana: "Mweleze mama yako ulipokwama."

Akaeleza. Vibao vyote viwili viko mezani, vimeungwa na ruta. Kila kimoja kikiwa peke yake hufanya kazi barabara. Vikiwa pamoja, habari hupotea njiani, mara yafika, mara haifiki. Ni wiki ya tatu sasa. Amebadili waya, amelehemu upya, ameandika upya sehemu ya programu.

"Huyo ruta ajuaje habari ni ya nani?" mama akauliza.

Kijana akajibu kwamba kila chombo mtandaoni kina anwani yake ya baiti 6. Vyombo vingi huja na anwani kutoka kiwandani, lakini chipu hii huja bila anwani, na mwenye kuitumia ndiye huipa, kwa kuiandika katika programu.

"Kama mtoto, huzaliwa kisha akapewa jina," mama akasema. "Na hivi viwili vyako, umevipa majina gani?"

Kijana akanyamaza. Akaivuta kompyuta yake ya zamani, akatazama, akashika kichwa. Alikuwa ameandika programu ya kibao cha kwanza, akainakili katika cha pili, na anwani ikaenda pamoja nayo. Ruta ilikuwa na wana wawili wa jina moja. Kila habari ilipokuja, mara iliipeleka mlango huu, mara mlango ule. Akabadili baiti moja ya mwisho. Kisha akainua boya la juu kwa kidole.

Kengele ikalia. Mama alicheka, na machozi yakamtoka palepale. Mimi sikuwa nimesema lolote katika yale niliyoyapanga garini.

Hatukuacha mambo bila mpaka. Tulikubaliana kwamba fedha za vipande ziandikwe katika daftari na mama alione; vitabu vya shule na sala vitangulie; umeme wa kuchezea uwe ule mdogo wa chaja, na ule wa ukutani asiufungue kamwe; na juu ya paa asipande peke yake, wala wakati wa mvua na radi. Kijana alikubali yote bila ubishi. Nadhani alikuwa tayari kukubali zamani, lau angeulizwa.

Mama mpendwa, ukikuta nyaya chini ya kitanda cha mwanao, au vitambaa, au mbao, mwambie kwanza akueleze. Usihofu kuwa hujui. Mpwa wangu hajui kuandika programu, lakini amelea, na ujuzi wake wa kulea ndio ulioliona kosa ambalo wiki tatu hazikulionyesha.

Wiki mbili baadaye alinipigia simu. Maji yalikuja usiku wa kuamkia Alhamisi, saa nane. Kengele ililia, akajaza madumu, akarudi kulala.

Nami siku hiyohiyo nilimpigia mwanangu, nikamwomba radhi, kisha nikamwuliza ile redio ya bibi yake ilikuwa na kasoro gani. Alinyamaza kitambo kirefu. Nami sikusema neno, nikangoja. Kisha akaanza kunieleza.