Waacheni watanie, Novemba bado

Wadau, nimetoka kwenye mahafali ya kidato cha nne huku Kinyerezi na hasira hazijaisha. Risala ya wahitimu ilikuwa na utani mmoja tu: mitambo ya gesi hapo jirani inawasha taa za nchi, ila maabara yao haina hata soketi, majaribio ya kemia wanasimuliwa kama muvi. Turubai zima likalipuka. Mwalimu akamnyang'anya binti wa watu maiki, eti anamdhalilisha mgeni rasmi.

Anamdhalilisha vipi? Risala ilishachujwa na walimu weee, ikabaki shukrani tupu. Halafu kwetu mahafali hufanyika kabla ya mtihani wa taifa. Unaaga na hujatoka, bado una wiki kadhaa chini ya huyohuyo uliyemtania. Nani atathubutu?

Kisha tunajifanya kushangaa. Februari 2013, matokeo ya mtihani wa 2012 yalipotangazwa kwa mara ya kwanza, asilimia 60 ya watahiniwa walikuwa na ziro. Miaka ile wapo waliojaza karatasi za majibu matusi na mistari ya Bongo Fleva. Wa matusi wakafutiwa matokeo, mtaani watu wakacheka. Mimi naziita risala ambazo hazikupita kwa mwalimu yeyote.

Si bora utani ukasemwa jukwaani, mbele ya wazazi na diwani, mtu akabanwa kuhusu hiyo maabara? Na mgeni rasmi mwenyewe, kwa taarifa yenu, alikuwa anacheka.