Kubonyeza Si Kuchora

Nina ugomvi na watu wanaowafundisha vijana wetu programu za kuchora bodi za sakiti, na ningependa ugomvi huu usomwe kwanza na wazazi wanaolipa ada, maana wao ndio wanaouziwa mbuzi kwenye gunia.

Kwa asiyeifahamu, bodi ya sakiti ni kile kibao, aghalabu cha kijani, unachokiona ukifungua radio, chaja ya simu au taa ya sola. Juu yake zimekaa rezista, kapasita na transista, na badala ya waya kuna njia nyembamba za shaba zilizobandikwa kwenye kibao chenyewe. Paul Eisler, mzaliwa wa Austria, aliunda radio ya namna hiyo mjini London mwaka 1936, na baada ya Vita Kuu ya Pili dunia nzima ikamfuata. Zamani njia hizo zilichorwa kwa mkono. Siku hizi huchorwa kwenye kompyuta, na hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia.

Sisi watu wa Kigoma si wageni wa kuunganisha vitu vilivyochorwa na wengine. Meli ya Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa na kuungwa upya hapa Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Nusu karne baadaye nchi yetu ilikuwa na kiwanda cha Matsushita Dar es Salaam na cha Philips Arusha, na radio zilizotoka humo zilisikika hata huku kwetu. Wafanyakazi wake walikuwa hodari, sina neno juu yao. Lakini mchoro wa radio ulibaki Japani na Uholanzi. Siku radio zile zilipoacha kuundwa, waliobaki na mikono yenye ujuzi hawakubaki na mchoro hata mmoja wa kuanzia. Ndiyo maana naiona programu ya kuchora bodi kuwa jambo zito kuliko kompyuta zote za kuchapia barua tulizopewa mashuleni. Kwa mara ya kwanza kijana wa Simbo anaweza kuwa upande wa mchoro. Na tunaelekea kuiharibu nafasi hiyo kwa ufundishaji mbovu.

Tazama mfano mmoja tu. Ziwa letu huvuliwa usiku, gizani, kwa mwanga. Dagaa na mgebuka huufuata mwanga. Karabai za mafuta ya taa zimewapisha kwa kiasi kikubwa taa za LED zinazotumia betri, na karibu kila taa ina kibao chake cha sakiti, kilichochorwa mbali na mtu ambaye hajapata kuuona mwalo wa Kibirizi wala wa Katonga. Kibao hicho kikiungua, mvuvi hana wa kumwendea. Taa inatupwa pamoja na betri yake, na wafanyakazi wa mtumbwi wanarudi na makapu matupu. Kazi ya kuchora kibao kinachofaa kwa taa hiyo, kinachokata umeme kabla betri haijafa na chenye njia pana zisizoungua, si kazi ya profesa. Ni kazi ya kijana wa miaka ishirini aliyefundishwa vizuri.

Basi mwaka juzi alinijia kijana wa jirani, ana cheti cha chuo kimoja ambacho sitakitaja. Katika muhula mmoja alichora bodi kumi na moja. Zote zilikuwa nzuri ajabu: programu ilizigeuza huku na huku kwenye kioo kama nyumba ya maonyesho. Nikamwuliza, ngapi zimetengenezwa? Hata moja. Nikamwomba achore ya taa ya mvuvi, volti 12, ampia 5, na nikaahidi kugharamia vifaa. Akachora kwa saa mbili. Tulipoitengeneza ikatoa moshi kabla taa haijawaka vizuri.

Sikumlaumu, na sitaki msomaji amlaumu. Tuliikalia ile bodi jioni nzima tukitafuta sababu, na kila sababu tuliyoipata ilikuwa ya mwalimu wake. Alikuwa amefundishwa mahali pa kubonyeza: bonyeza hapa upate rezista, bonyeza pale upate njia, bonyeza kule programu imalize yenyewe. Hayo ni mafunzo ya kipanya. Nilipokuwa chuo cha ualimu tulikanywa kumfundisha mtoto neno kabla hajakigusa kitu, na sikudhani kuwa uzeeni ningelazimika kuyarudia maneno hayo kwa watu wenye shahada.

Sababu ya kwanza ilikuwa transista. Katika mchoro alichagua 2N3904. Dukani mjini alipata BC547, akaambiwa zinafanana. Kwa kazi zinafanana sana, lakini kwa miguu zimepishana: ukiielekeza kwako ile sehemu iliyo bapa, miguu ikitazama chini, ya kwanza husomeka kutoka kushoto emita, besi, kolekta, na ya pili kolekta, besi, emita. Programu haina njia ya kujua duka la Kigoma lina nini. Fundi anayejua kazi hununua kwanza, akaiweka mezani, akasoma miguu yake, ndipo akafungua kompyuta. Mwalimu anayewapa wanafunzi kompyuta kabla ya kifaa amelifunga jembe kwa mbele ya ng'ombe, na zao lake ndilo ule moshi.

La pili ni kile ninachokiita unyayo, yaani alama ya matundu na shaba ambapo miguu ya kifaa itakaa. Kila kifaa kina unyayo wake, na katika maktaba ya programu kuna maelfu yanayokaribiana. Kiunganishi cha waya chenye nafasi ya milimita 5.00 na cha milimita 5.08 huwezi kuwatofautisha kwa macho. Weka miguu minane kwa mstari na cha mwisho hakiingii. Dawa yake ni karatasi. Chapa bodi kwenye printa kwa ukubwa wake halisi, moja kwa moja, pima kwa rula uhakikishe printa haikupunguza, kisha vichomeke vifaa vyenyewe kwenye karatasi hiyo juu ya kipande cha godoro la sponji. Kisichoingia kwenye karatasi hakitaingia kwenye shaba. Ni dakika kumi, na sijaona darasa hata moja likifanya hivyo.

La tatu ndilo lililotoa moshi. Programu hizi ukiziacha hukupa njia ya robo milimita au chini ya hapo, ambayo yatosha kwa ishara ndogo ndogo. Shaba ya kawaida ya bodi ina unene wa maikroni 35 tu. Njia ya nje ya unene huo, ili isipate joto zaidi ya nyuzi 10 juu ya hewa iliyoizunguka, huhitaji upana wa karibu milimita 0.3 kwa ampia 1, milimita 1.4 kwa ampia 3, na kiasi cha milimita 2.8 kwa ampia 5. Yule kijana aliipitisha ampia 5 kwenye uzi wa buibui. Hakuna aliyemwambia kwamba upana wa njia ni jambo la kukokotoa, kama vile seremala wa mitumbwi wa Ujiji anavyokadiria unene wa ubao kwa mzigo utakaobebwa. Na kwa kuwa taa hukaa ndani ya boksi lisilopitisha hewa, mimi ningeongeza tena nusu yake. Nafasi ipo, shaba imekwisha lipiwa.

Sasa niseme juu ya kile kitufe kinachopendwa kuliko vyote, cha kuiachia programu ipitishe njia zenyewe. Wapo walimu wanaokionyesha siku ya kwanza ili darasa lishangae. Ningekuwa bado na mamlaka ningekifunika kwa plasta. Programu huunganisha nukta na nukta. Haijui kwamba njia ya taa na njia ya kipimo cha betri zikichangia shaba moja ya kurudi, kipimo kitadanganya kila taa inapowaka. Mwanafunzi apange vifaa kwa mkono mpaka nyuzi nyembamba zinazoonyesha miunganisho ziache kupishana ovyo. Apitishe kwanza njia za mkondo mkubwa, fupi na pana. Eneo linalobaki alijaze shaba ya ardhi. Vifaa vikipangwa vizuri, kazi ya njia inakuwa nyepesi. Kuna pia ukaguzi ambao programu huufanya, wa mchoro na wa bodi. Huo utumike kila mara, na kila onyo lisomwe, si kufutwa. Lakini ukaguzi ulipita salama kwenye ile bodi ya moshi, maana programu hukagua kanuni ulizoipa, na yule kijana hakuipa yoyote.

Liko na suala la programu gani. Vyuo vingi hugawa kwenye flashi nakala zilizovunjwa kufuli za programu za bei kubwa. Tuyaite mambo kwa jina lake: huo ni wizi, na mwalimu anayewagawia wanafunzi mali ya wizi amekwisha fundisha somo jingine kabla ya kufungua kinywa. Tena ni wizi usio na haja. KiCad ilianzishwa mwaka 1992 na Jean-Pierre Charras, mwalimu wa chuo cha ufundi Grenoble, Ufaransa; kuanzia mwaka 2013 imesaidiwa na CERN, kile kituo kikubwa cha utafiti wa fizikia cha Geneva. Ni ya bure kihalali, haina kikomo cha ukubwa wa bodi, na ikishaingia kwenye kompyuta haihitaji intaneti. Kuipakua ni mzigo, huzidi gigabaiti moja, lakini chuo kikiipakua mara moja chaweza kugawa kwa flashi bila kumwibia mtu.

Anayesema programu za kampuni ndizo zenye uhakika aitazame EAGLE. Ilipendwa na wanafunzi duniani kote. Mwaka 2016 ilinunuliwa na Autodesk, ikageuzwa kuwa ya kulipiwa kwa vipindi, na mwaka 2023 kampuni ikatangaza kuwa mwisho wake ni Juni 2026. Kijana aliyejua kuchora atahamia kwingine kwa wiki moja. Aliyejua kubonyeza ameachwa stesheni.

Najua majibu yatakayotolewa. Wengine watasema vijijini hakuna pa kutengenezea bodi. Si kweli. Karatasi ya gazeti lenye kung'aa, printa ya leza, kibao chenye shaba, pasi (hata ya mkaa, ukiuzoea moto wake) na feriki kloraidi kwenye beseni la plastiki vinatosha. Nasema la plastiki kwa sababu sufuria ya alumini italiwa, na mama mwenye sufuria hatasahau. Vifaa vikiwa na miguu inayopenya na shaba iko chini, usichape kinyume; pasi yenyewe ndiyo itakayogeuza. Andika neno lolote kwenye shaba upande huo: likisomeka sawasawa kwenye bodi, umepatia. Na maji yaliyotumika yakusanywe kwenye dumu, yasimwagwe Luiche, maana Luiche huishia ziwani na sisi ndio tunaokula samaki wake. Anayetaka bodi safi zaidi atume faili za Gerber na faili la matundu kwa kiwanda cha China: vipande vitano vidogo ni dola chache, ingawa usafiri huzidi bei ya bodi.

Wengine watasema Mchina huuza bodi iliyokamilika kwa bei ambayo hatuiwezi, ya nini kuhangaika? Hao nawajibu kwa taa ileile. Bodi ya bei ndogo inayokufa katika msimu mmoja si ya bei ndogo kwa mvuvi, na hakuna Mchina atakayeichora upya kwa ajili ya betri kuukuu za Katonga. Tuliichora sisi mara ya pili, na yule kijana, kwa penseli kwanza, siku tatu. Njia zina milimita 4.

Tangu mwaka 2024 sekondari zetu zimeanza mkondo wa amali, na vifaa vitaletwa, na kompyuta zitapangwa kwenye mistari, na wakaguzi watapita. Ombi langu kwao ni dogo. Wasiombe kuonyeshwa kompyuta. Wamwombe mwanafunzi alete bodi moja aliyoichora, aliyoitoboa na kuilehemu mwenyewe, waiunganishe na betri na taa, waiache iwake saa nzima wakinywa chai ya mkuu wa shule, kisha waiguse njia iliyo nene kuliko zote kwa kidole.