Akta hafi, lakini mkewe je?

Leo nina swali ambalo nimerudi nalo mjini kutoka nyumbani Mukumu, na sitatulia mpaka nikutwike nawe. Je, mchezo wa runinga ambao tumeketi kuutazama ili tuburudike, una ruhusa ya kututoa machozi?

Hebu nikusimulie yaliyotupata. Likizo ya Desemba tulikuwa kwa Mama, hapo Mukumu, kwenye barabara itokayo Kakamega kwenda Kisumu. Nyumba ilijaa. Baada ya ugali kwa kuku, mpwa wangu anayesoma chuo kikuu alichomeka flashi kwenye runinga akaniuliza, "Mjomba, tukuwekee nini?" Nikasema Bonanza. Vijana wakaangua kicheko. Makauboi tena, zama hizi!

Wacheke tu. Sisi tuliokulia kijijini wakati ambapo runinga moja ya betri ya gari ilihudumia mtaa mzima tunajua utamu wake. Tuliketi sakafuni kwa mwalimu jirani, tukamtazama mzee Ben Cartwright na wanawe Adam, Hoss na Little Joe wakililinda shamba lao la Ponderosa. Mchezo huo ulianza kuonyeshwa Marekani tarehe 12 Septemba 1959, ukadumu misimu 14. Kiingereza chake kilitupiga chenga, lakini jambo moja tulilijua kama tulivyojua majina yetu: akta hafi. Risasi zitamkosa, farasi atamngoja, na mwishoni ataketi mezani na baba yake wakicheka.

Kumbe mpwa wangu, bila kujua, alikuwa amebonyeza kipindi kiitwacho "Forever", yaani "Milele". Kilionyeshwa mara ya kwanza tarehe 12 Septemba 1972, miaka 13 kamili tangu mchezo uanze. Humo Little Joe anampenda msichana aitwaye Alice, ambaye kaka yake ni mcheza kamari asiyekoma. Wanaoana, wanajenga nyumba yao, na Alice anapata mimba. Halafu deni la kamari linabisha hodi. Joe hayupo. Anaporudi anakuta nyumba inateketea, na mkewe ameuawa. Yanayofuata ni kuwasaka wauaji.

Msomaji, chumba kilinyamaza kama kanisa. Kisha kila mtu akawa na lake.

Binti yangu mwenye miaka 12 alikuwa akilia, na kilio chake kilichanganyika na hasira. "Baba, ulisema ni mchezo wa zamani, mzuri!" Mpwa wangu alishikilia kwamba hicho ndicho kipindi bora kuliko vyote alivyowahi kuona katika michezo ya kale, kwa kuwa kimesema ukweli: maisha hayamhurumii mtu eti kwa sababu ni akta. Mke wangu hakukubali. Alitukumbusha kwamba mzee Ben naye alizika wake watatu, kila mmoja akiwa ameacha mwana mmoja. "Mwanamke katika mchezo huu kazi yake ni kufa," alisema, "ili mwanamume apate sababu ya kupanda farasi."

Mama, ambaye nilidhani amesinzia, aliuliza swali moja tu. "Matanga yako wapi? Mbona kijana amefiwa na mara yuko juu ya farasi? Hao watu hawaliliani?"

Na ndugu yangu mdogo, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, aliinuka akatoka nje bila neno.

Hapo ndipo moyo wangu ulipopasuka. Ndugu yangu alifiwa na mkewe mwaka juzi. Mimi mwenyewe ndimi niliyewaonya watoto kwamba jina la shangazi yao lisitajwe mbele yake, tusije tukamtonesha kidonda. Nami ndimi niliyeomba Bonanza.

Mabishano yetu si mapya. Wapenzi wa mchezo huo wamegawanyika juu ya kipindi hicho kwa miaka mingi. Wako wanaokitukuza, na wako wanaosema kilikuwa kikatili mno kwa watu waliozoea kicheko cha Ponderosa. Lakini kuna jambo ambalo huenda wengine hawalijui, nami nilimweleza Mama kwa sababu ndilo jibu la swali lake.

Hadithi ile haikuandikiwa Little Joe. Michael Landon, aliyecheza kama Joe na ndiye aliyeandika na kuongoza kipindi hicho, alikusudia Hoss ndiye aoe. Lakini Dan Blocker, lile pandikizi la mtu lenye moyo wa upole lililocheza kama Hoss, alifariki tarehe 13 Mei 1972 baada ya kufanyiwa upasuaji. Alikuwa na umri wa miaka 43. Landon akaichukua hadithi ya mwenzake akaivaa yeye. Kwa hiyo yale machozi tuliyoyaona usoni mwa Joe, ni nani ajuaye yalikuwa ya mke wa kwenye mchezo au ya rafiki wa kweli? Mchezo wenyewe haukudumu baada ya hapo. Kipindi cha mwisho kilionyeshwa tarehe 16 Januari 1973.

Mama alitikisa kichwa. "Basi hayo ndiyo yalikuwa matanga yao," akasema.

Nilimfuata ndugu yangu nje. Nilianza kumwomba radhi, akanikatiza. "Kaka, tangu watu waondoke matangani, hakuna aliyenitajia jina lake. Mnanitazama kama yai. Leo angalau nimemwona mtu aliyepatwa na langu."

Sikuwa na la kumjibu. Kwetu Isukha mtu akifiwa watu hujaa, isukuti ikalia, moto ukaota usiku kucha na wafiwa hawaachwi peke yao. Lakini moto ule huzimika na majirani hurudi mashambani. Baada ya hapo sisi tulichagua kimya, tukakiita huruma.

Aliporudi ndani, Mama alimmiminia chai. Binti yangu, ambaye hakusikia tuliyozungumza, alimsogelea akamwuliza kama shangazi naye alipenda sinema. Nilitaka kumkemea. Ndugu yangu alicheka, akasema alizipenda mno, na kila mara alisinzia kabla ya mwisho. Tuliketi mpaka saa sita za usiku tukimzungumzia.

Msomaji, sikuambii uwafungulie watoto kila kitu. Mzazi mwema hutazama kwanza, au angalau huuliza, na mimi sikufanya hivyo. Lakini mchezo wa huzuni ukikukuta na jamaa yako, usikimbilie kuzima runinga kisha kila mtu akaenda kulala na lake. Ongeeni. Yawezekana yupo mmoja karibu na mlango anayengoja aulizwe.

Kwako nyumbani, je, ni jina la nani lisilotajwa? Jumapili njema.