Ghorofa za Mlandege: Tukague Kabla Hapajafunikwa



Natoa maoni yangu kuhusu jambo linalogusa maisha ya wananchi wengi, nalo ni ujenzi wa ghorofa kwa mihimili ya chuma na mabamba ya zege yaliyokwisha kutengenezwa kiwandani.

Hivi karibuni nilikwenda Mlandege kununua madaftari. Katika njia moja palikuwa na jengo la maduka linapandishwa. Winchi ilikuwa inanyanyua bamba la zege, na chini yake watu wanapita, wengine wameshika watoto mkono. Hapakuwa na kamba wala mtu wa kuwazuia. Bamba la namna hiyo, likiwa na urefu wa mita 6, upana wa mita 1.20 na unene wa sentimita 20, hata kama lina matundu ndani, uzito wake unakaribia tani 2.

Sipingi ujenzi huu. Kwa desturi yetu zege humwagwa juu ya mbao zilizoshikiliwa na miti, na fundi hungoja wiki kadhaa kabla ya kuiondoa. Bamba lililokwisha kukauka kiwandani huokoa miti na wakati. Wala si jambo geni sana kwetu. Beit el Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultani Barghash, ilichanganya mawe ya matumbawe, boriti, mihimili ya chuma na mabamba ya zege. Boriti ya mkoko haivuki chumba kipana. Ndiyo sababu vyumba vingi vya Mji Mkongwe ni vyembamba. Chuma ndicho kilichowezesha kumbi pana.

Lakini jengo hilo hilo limetupa somo chungu. Sehemu yake iliporomoka mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba, 2020, likiwa katika matengenezo, sehemu kubwa ya mbele ilianguka na watu wawili wakafa. Huko Dar es Salaam, tarehe 16 Novemba, 2024, ghorofa moja ya Kariakoo ilianguka na kuua watu zaidi ya 20. Sisemi kwamba majengo haya yalianguka kwa sababu moja. Ninachosema ni kwamba ubovu wa jengo mara nyingi umo mahali ambapo mpita njia haoni. Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Mimi ni mwalimu, si mhandisi, lakini mambo haya yanaweza kuelezwa hata darasani. La kwanza ni mahali bamba linapokalia. Mhimili mmoja wa chuma hubeba ncha za mabamba mawili, moja kila upande. Kwa kawaida kila ncha hutakiwa kukalia chuma kiasi cha sentimita 7 hivi. Fundi akilivuta bamba moja sentimita 3, amelinyima la pili, nalo linabaki limeshikilia ukingoni. Tena, akipanga mabamba yote ya upande mmoja kabla ya upande wa pili, mhimili huelemewa na unaweza kujipinda. Yafaa apange huku na huku.

La pili ni kufunganisha. Mabamba yaliyopangwa tu ni kama vitabu juu ya rafu. Ni lazima nondo zipitishwe kwenye maungio, kisha yajazwe zege laini, ili sakafu yote iwe kitu kimoja. Mjini London, tarehe 16 Mei, 1968, ghorofa ya Ronan Point, yenye dari 22 na iliyojengwa kwa vipande vya zege vya kiwandani, ililipuka gesi katika jiko moja. Mlipuko ule ulisukuma kuta chache tu, lakini kwa kuwa vipande havikufungwa vizuri, pembe nzima ilianguka kutoka juu hadi chini. Watu wanne walikufa. Jengo lilikuwa na miezi miwili tu tangu kufunguliwa, na baada ya hapo Waingereza walibadili kanuni zao za ujenzi.

La tatu ni kutu na moto. Sisi tumezungukwa na bahari. Upepo wenye chumvi hula chuma, na kutu huvimba na kupasua zege inayokizunguka. Moto nao, ukifikia kiasi cha nyuzi 550 za Sentigredi, huacha chuma kikiwa na karibu nusu tu ya nguvu zake. Maduka ya Mlandege yamejaa nguo na plastiki. Chuma kilichoachwa wazi, bila rangi ya kuzuia kutu na bila kinga ya moto, ni hatari juu ya vichwa vya wanunuzi.

Mambo yote haya hufunikwa. Sakafu ikishamwagwa na dari ya chini ikishapigwa lipu, hakuna atakayejua ncha imekalia sentimita 7 au 3. Ukaguzi unaokuja jengo likiwa limekwisha ni ukaguzi wa rangi.

Kwa hiyo nawaomba wahusika mambo matatu. Mkaguzi afike mabamba yakiwa yamepangwa na maungio bado wazi, apime na atie saini ndipo zege ijazwe. Saini hiyo na michoro ya jengo iwekwe kumbukumbu, ili atakayetaka kuongeza ghorofa au kutoboa tundu la bomba ajue anatoboa nini. Tena njia ifungwe kila winchi inapofanya kazi, hata kama ni siku ya sokoni.

Wenye majengo watasema kungoja mkaguzi ni hasara. Ni kweli, siku moja ya kungoja ina gharama yake. Lakini gharama hiyo hulipwa na mwenye jengo, na jengo likianguka hulipa mpita njia aliyetoka shamba kununua madaftari. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Wilaya ya Kusini, Unguja.